Dar hadi Nairobi: saa moja au miaka sita?

Siku nyingi sijaandika, si mnajua tena mambo ya test. Leo mniruhusu niwape historia kidogo.

Jumamosi alfajiri nilimsindikiza rumeti wangu stendi ya Mbezi. Kwao Nairobi. Bumu lilishakata, kwa hiyo ndege aliiona kwenye ndoto tu. Akipanda basi akaniambia, "Msee, ndege ni lisaa limoja tu, mimi nafika usiku na mgongo umekufa."

Nikarudi rumu nikapima kwenye ramani. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Jomo Kenyatta, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 670. Ratiba za ndege huandika saa 1 na dakika 20 hivi. Lakini kumbe umbali huo huo umewahi kuwa mrefu kuliko hata wa basi!

Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndege zake za kwanza zilikuwa Dragon Rapide, vidude vya mbao na turubai vyenye mwendo wa kilomita kama 210 kwa saa. Piga hesabu: hata bila kutua njiani, ni zaidi ya saa tatu. Mwaka 1960 likapata Comet 4, ndege ya jeti, na kilomita 670 zikawa kazi ya chini ya saa moja angani. Miaka hiyo hiyo chuo chetu hapa Mlimani kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki (1963 hadi 1970), na Wakenya na Waganda walikuja kusomea sheria hapa hapa.

Halafu ikaja 1977. Wakubwa wakagombana, madeni na michango ya shirika ikiwa moja ya sababu. Shirika likafa. Kenya ikaanzisha Kenya Airways, Tanzania ikafunga mpaka mwezi Februari, na mwezi Machi ikaanzisha Air Tanzania. Safari za moja kwa moja zikakatika. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Ndege zilikuwepo, marubani walikuwepo, anga ni ile ile, ila kwa miaka zaidi ya sita Nairobi ilikuwa mbali kuliko London.

Msiseme hayo ni ya wazee. Agosti 2020, wakati wa mvutano wa korona, Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways, ikaziruhusu Septemba. Januari 2024 ikatangaza tena zuio kwa sababu ya mgogoro wa ndege za mizigo, likamalizwa kabla hata halijaanza kutumika.

Kwa hiyo wadau, mimi naona hivi: injini ndiyo inayopunguza masaa, lakini maelewano ndiyo yanayofungua njia. Tukishindwa kuelewana, hata jeti haisaidii kitu.

Rumeti alinitumia meseji saa tano usiku: "Nimefika, mgongo sina." Nikacheka, ila nikashukuru pia. Angalau Namanga palikuwa wazi.

Wenye wazazi waliosafiri enzi hizo, waulizeni halafu mtupe stori. Tuko pamoja!