Terariamu: sanduku la kioo lililomwokoa chura wa Kihansi

Umeme wa gridi unaochaji simu mjini Singida unatoka kwenye mitambo mingi. Mmojawapo ni Kihansi, megawati 180, huko milima ya Udzungwa. Kumbe mradi huo nusura ufute aina moja ya chura duniani, na kilichomwokoa ni terariamu.

Terariamu ni sanduku au chupa ya kioo yenye udongo, mimea na wakati mwingine wanyama wadogo wa nchi kavu. Ni ndugu wa akwariamu, ila humu hakuna samaki. Ikifunikwa, maji hupanda kama mvuke, hugota kwenye kioo, kisha hurudi kwenye udongo. Ndiyo maana hata kwenye ukame wa Singida mmea wa kivulini unaweza kukaa wiki kadhaa bila kumwagiliwa, mradi kioo kisipigwe na jua kali. Kikipigwa, mmea unaiva humohumo.

Chura wa Kihansi ni wa njano, hafiki sentimita 3, na hatagi mayai: anazaa vichura kamili. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi, eneo la hekta chache tu, wakati ujenzi wa bwawa ukiendelea. Mitambo ilipoanza kazi, maji mengi yakageuzwa na rasharasha zikakauka. Mwishoni mwa 2000, vyura 499 walipelekwa Marekani.

Kuwalea haikuwa mchezo. Katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, ndani ya terariamu walihitaji manyunyu, maji yaliyochujwa, taa maalumu na wadudu wadogo mno wa kula. Wengi walikufa, walibaki chini ya 100 kabla walezi hawajajua wanachokitaka.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Vinyunyizio viliwekwa bondeni kuiga rasharasha, lakini mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukagunduliwa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini.

Vyura 100 walirudi mwaka 2010, wakafikia maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 vyura wakaanza kuachiwa Kihansi, kwenye rasharasha za vinyunyizio.