Maiti Hadaiwi Amri

Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kisa cha kijana aliyeagizwa na baba yake apande mnara akamletee makinda ya ndege. Akapanda, akamfukuza kwanza ndege mama kama sheria inavyotaka, akayachukua makinda, na alipokuwa akishuka akaanguka akafa. Kumtii mzazi na kumwachia ndege mama aende zake ni miongoni mwa amri chache za Taurati zilizoambatanishwa na ahadi ya maisha marefu, na kijana huyu alikuwa akizitimiza zote mbili kwa mpigo mmoja.

Wapo waliosema kwamba Elisha ben Abuya, msomi mkubwa wa karne ya 2 BK, aliliona jambo kama hilo kwa macho yake, akaikana imani. Mjukuu wake kwa binti, Rabi Yaakov, aliipokea habari hiyo hiyo kwa namna nyingine: siku ndefu zilizoahidiwa si za huku, ni za ulimwengu ujao. Mtu angetarajia kwamba aliyeihamishia thawabu huko ng'ambo angeidharau dunia hii. Lakini Rabi Yaakov wa kitabu cha Pirke Avot, ambaye huhesabiwa kuwa ndiye huyo huyo, anafundisha kwamba kwa upande wa toba na matendo mema, uzima wote wa ulimwengu ujao haufikii saa moja ya hapa. Kwa upande wa raha mizani inageuka: saa moja ya huko inazidi maisha yote ya duniani. Amezisema kauli zote mbili kwa pumzi moja, wala hakujaribu kuzipatanisha.

Taurati yenyewe haikumpa mengi ya kushika. Vitabu vyake vitano havimwahidi mtu pepo wala kumtishia moto. Watu wakitii, mvua itanyesha kwa majira yake na ghala zitajaa. Wakiasi, mbingu zitafungwa. Ibrahimu ananunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara, na mwandishi anatumia maneno mengi kwenye mapatano ya bei, lakini kuhusu roho ya marehemu hasemi lolote. Waliokufa walishuka Kuzimu, mahali pa giza na ukimya, wema kwa waovu. Kuwaendea ili kuwauliza mambo kulikatazwa kabisa. Mfalme Sauli alipokwenda kwa siri kwa mwanamke wa Endori amwitie nabii Samweli, nabii alitokea akilalamika kwamba amesumbuliwa, kisha akampa habari mbaya.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya mateso. Mwaka 167 KK mfalme Antioko wa Nne, mtawala wa Kigiriki wa Shamu, alipiga marufuku Sabato na tohara. Sasa hesabu ya zamani ikapinduka: aliyetii aliuawa, aliyeasi aliishi. Katika miaka hiyo hiyo kitabu cha Danieli kikasema wazi kwamba wengi waliolala mavumbini wataamka, na baadaye Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kikasimulia habari za mama aliyeshuhudia wanawe 7 wakiteswa hadi kufa huku wakimwambia mfalme kwamba Mungu atawarudishia viungo wanavyokatwa.

Watu husimulia sehemu hiyo na kuishia hapo. Mimi naona sehemu ya pili ina uzito sawa na ya kwanza. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinaeleza jinsi watu wapatao 1,000 waliojificha nyikani walivyoshambuliwa siku ya Sabato, wakakataa hata kurusha jiwe, wakauawa pamoja na wake na watoto. Matathia, kiongozi wa waasi, na wenzake waliposikia, waliamua kwamba wakishambuliwa siku ya Sabato watapigana. Mateso yale yale yaliyoimarisha tumaini la ufufuo yaliwafundisha pia kwamba amri isigeuzwe kuwa kitanzi. Marabi waliendeleza jambo hilo hadi likawa kanuni: kuokoa uhai kunaitangulia Sabato, na kunazitangulia karibu amri zote, isipokuwa ile ya kutoabudu sanamu, ya kutoua na ya kutozini. Inasimuliwa kwamba kipindupindu kilipoikumba Vilna mwaka 1848, Rabi Israel Salanter aliwaamuru watu wasifunge Siku ya Upatanisho, na wengine husema alikula yeye mwenyewe mbele ya kusanyiko.

Si Wayahudi wote waliokubali ufufuo. Masadukayo, watu wa Hekalu na ukuhani, waliukataa, Mafarisayo waliushikilia. Hekalu lilipoteketezwa mwaka 70 BK, Masadukayo walitoweka, na warithi wa Mafarisayo wakaliweka jambo hilo ndani ya sala inayosaliwa mara tatu kila siku. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliofanywa mnamo mwaka 200, inamnyima sehemu katika ulimwengu ujao yeyote asemaye kwamba ufufuo haumo katika Taurati. Ni sharti la ujasiri, ukizingatia jinsi marabi walivyolazimika kuchokonoa aya moja moja kuutafuta humo.

Baada ya hapo kila zama ilichora picha yake. Maimonides, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki Misri mwaka 1204, aliuweka ufufuo katika misingi yake 13 ya imani, lakini alishikilia kwamba hatima ya mwisho ni ya roho isiyo na mwili. Wapinzani wakamshuku kwamba anaukana ufufuo kwa mlango wa nyuma, na mwaka 1191 alilazimika kuandika risala ya kujitetea. Wanafumbo wa Hispania na baadaye wa mji wa Safed walifundisha kwamba roho hurudi duniani katika mwili mwingine. Wanamageuzi wa Marekani, waliokutana Pittsburgh mwaka 1885, waliutupa ufufuo wa mwili pamoja na Jehanamu, wakabaki na roho isiyokufa. Tofauti kubwa namna hii hazikuufuta Uyahudi, kwa sababu uzito wake ulikuwa kwenye matendo.

Msimamo huo unaonekana vizuri makaburini. Talmudi inawaonyesha marabi wawili, Hiya na Yonathani, wakipita kati ya makaburi huku vishada vya vazi la Yonathani, ambavyo huvaliwa kwa amri ya Taurati, vikiburuzika chini. Hiya akamwambia avinyanyue, wafu wasije wakasema kwamba watu hawa kesho watakuja kukaa nasi na leo wanatusimanga. Aliyekufa hadaiwi amri tena, na kumtambia aliyeikosa nafasi hiyo ni kumdhihaki maskini. Yonathani alihoji kama wafu wanajua lolote, na mjadala ukawa mrefu. Mpaka leo, katika jamii nyingi, mwanamume huzikwa na joho lake la sala likiwa limekatwa kishada kimoja.

Sanda nayo ina historia yake. Zamani gharama za mazishi zilikuwa nzito hata ndugu wengine wakaitelekeza maiti na kukimbia. Rabani Gamalieli, aliyekuwa na uwezo wa kuzikwa kifahari, akaagiza avikwe kitani cha kawaida, na watu wakamfuata. Hadi leo tajiri na fukara huvikwa sanda nyeupe ya namna moja.

Kwa siku 7 wafiwa hukaa matanga, wakiketi kwenye viti vifupi, na mlo wao wa kwanza huletwa na majirani. Mtoto aliyefiwa na mzazi husoma Kadishi, sala ya kumtukuza Mungu isiyotaja kifo hata mara moja. Haisomwi na mtu peke yake: lazima wapatikane watu 10, kwa hiyo mwenye msiba hulazimika kutoka nyumbani na kwenda walipo wenzake. Kwa mapokeo, hukumu ya waovu huko Jehanamu haizidi miezi 12. Kusoma Kadishi miezi yote 12 kungekuwa kama kutangaza kwamba mzazi wako alistahili adhabu kamili. Rabi Moses Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliandika desturi iliyokwisha kuzoeleka: mtoto asome miezi 11, kisha anyamaze.