Kituo cha Palacios na Kuanza kwa Mji wa Moisés Ville

Historia ya Moisés Ville, mji mdogo wa mkoa wa Santa Fe nchini Argentina, huanzia kwenye meli ya Weser, iliyong'oa nanga Bremen na kufika Buenos Aires tarehe 14 Agosti 1889 ikiwa na Wayahudi wapatao 820, wengi wao wakitoka Podolia, jimbo la Dola ya Urusi ambalo leo limo Ukraine. Watu hawa walikimbia mashambulio dhidi ya Wayahudi pamoja na sheria za mwaka 1882 zilizowazuia Wayahudi kununua ardhi vijijini, na kabla ya kupanda meli walikwisha kufunga mkataba wa mashamba katika mkoa wa Buenos Aires. Bei ya ardhi ilikuwa imepanda tangu mkataba ule ufungwe, na mwenye ardhi, Rafael Hernández, akakataa kuwakabidhi mashamba, kwa hiyo familia zikajikuta ugenini bila mahali pa kwenda.

Wayahudi wachache waliowatangulia Buenos Aires waliwakutanisha na wakili Pedro Palacios, aliyemiliki eneo kubwa katika pampa, yaani tambarare pana ya nyasi, kando ya njia ya reli. Walisafirishwa hadi kituo kilichoitwa kwa jina la mwenye ardhi huyo, ila nyumba, ng'ombe wa kukokota plau na zana walizotarajia hawakuzikuta. Walilala ndani ya mabehewa ya mizigo na katika ghala la kituo, baba, mama na watoto wakibanana, na chakula chao kwa siku nyingi kilikuwa kile walichopewa na wafanyakazi wa reli na abiria wa treni zilizopita. Kisha ukazuka ugonjwa wa homa, nao ukaua watoto zaidi ya 60. Masimulizi ya walowezi, yaani wahamiaji waliokuja kukaa moja kwa moja, yanaeleza kwamba mbao za majeneza hazikupatikana, hivyo baadhi ya watoto walizikwa ndani ya madebe ya mafuta ya taa.

Vitabu vingi hupita haraka kwenye wiki hizo ili kufikia habari za ngano na maziwa zilizoupa mji sifa baadaye, na hilo ni kosa, kwa kuwa waliozika watoto wao pale ndio waliokataa kutawanyika, wakaanzisha makazi katika ardhi ya Palacios. Rabi wao, yaani mwalimu na kiongozi wa dini, Aharon Goldman, aliyafananisha makazi hayo na safari ya Nabii Musa na watu wake kutoka Misri, akayaita Kiryat Moshe, maana yake mji wa Musa. Jina hilo ndilo lililogeuzwa kuwa Moisés Ville.

Daktari Wilhelm Loewenthal, aliyewakuta walowezi kituoni wakiwa katika dhiki ile, aliandika ripoti iliyomfikia tajiri Maurice de Hirsch huko Ulaya, naye mwaka 1891 akaanzisha shirika la kununua ardhi kwa ajili ya wakimbizi wa Kiyahudi. Maelfu waliofika Argentina baadaye walipokewa na shirika hilo, wakapewa mashamba kwa mkopo wa miaka mingi. Moisés Ville yenyewe ilikuwa na makaburi kabla ya kuwa na shamba lililolimwa, na makaburi hayo, ya kwanza ya Wayahudi nchini Argentina, yapo hadi leo.