Nyumba za Majani katika Msitu wa Ituri

Mara nyingi twaipima nyumba kwa miaka itakayodumu. Kwa kipimo hicho mgeni afikaye msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, aweza kusema ya kuwa Wambuti hawajui kujenga. Walakini Wambuti ni watu wa kuwinda na kuokota asali na mizizi. Kambi yao huhama, wala nyumba ya mawe haichukuliki.

Mjenzi ni mwanamke. Hukata fito mbichi, akazisimika kwa duara, akazipinda na kuzifunga zikutane juu. Kisha hupachika majani mapana yaitwayo mongongo, akianzia chini, hata jani la juu lilalie la chini kama vigae, mvua iteremke pasipo kuingia. Kazi hiyo ni ya saa chache tu. Na majani yakikauka, huongeza mengine.

Colin Turnbull, aliyekaa nao karibu na mto Epulu mwaka 1957 na 1958, aliona jambo kubwa zaidi. Mwanamke akikosana na jirani yake, hugeuza mlango utazame kwingine, wakipatana, huurudisha. Basi mwenye kuingia kambini aweza kujua nani apendana na nani kabla hajaambiwa neno. Ukuta wa mawe hausemi hayo, na mlango wake hubaki ukimtazama adui.

Basi sisi tufundishao tusiharakishe kuita kibanda cha majani ujinga. Kilijengwa kidumu kadiri ya haja, wala si zaidi.