Gari Kuwashwa Bila Mtu Ndani

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita.)



Nimepokea barua ya mzee mmoja wa Moshi ambaye kijana wake anaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kijana amenunua gari kubwa la familia, la aina ile wanayoiita SUV, ambalo si jipya, na anataka kulifungia kifaa cha kuliwasha kwa rimoti. Yaani abonyeze kitufe akiwa bado anakunywa chai, na huko nje gari liwake lenyewe. Kifaa amekwisha kununua, na kwa kuwa mafundi wa huko ni ghali, anakusudia kuunga nyaya kwa mkono wake siku ya mapumziko. Mzee anauliza: je, hii si anasa tu ya vijana? Na tangu lini gari likawashwa bila mtu kuwamo ndani?

Swali hilo la pili ndilo lililonivutia. Kwa hakika, mzee wangu, magari ya kwanza ya petroli karibu yote yaliwashwa bila mtu kuwamo ndani. Dereva alisimama mbele ya gari, akachomeka hendeli chini ya rejeta, akainama na kuizungusha kwa nguvu zake zote mpaka injini ikohoe na kushika. Wenzangu waliopanda Land Rover za zamani wanaikumbuka hendeli ile, na wanakumbuka pia onyo la utingo: usiifumbate kwa kidole gumba. Cheche ya plagi ikija mapema mno, injini hurudi kinyume kwa ghafla na hendeli humpiga aliyeishika. Ndiyo maana katika gari kama Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, dereva alipaswa kwanza kusogeza kijiti kilicho kwenye usukani ili kuichelewesha cheche. Waliosahau walivunjika mikono, na visa vilikuwa vingi hata madaktari wakauita mvunjiko mmoja wa mfupa wa karibu na kifundo cha mkono kuwa mvunjiko wa madereva.

Model T ilikuwa na ila nyingine, na naomba muiweke akilini kwani tutairudia. Asubuhi ya baridi kali, mafuta yaliganda yakawa mazito, na gia haikuachia sawasawa. Injini iliposhika tu, gari lilianza kusogea polepole kumfuata yule yule aliyeshika hendeli. Watu wa majimbo ya baridi walijifunza kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuwasha.

Aliyeiondoa hendeli ni Charles Kettering wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Kabla ya kuingia katika magari alikuwa mhandisi wa kampuni ya National Cash Register, ambako alitia mota ya umeme katika mashine za kupokelea fedha madukani. Kazi hiyo ilimfunza jambo ambalo wengine hawakuliona. Wengi waliamini kwamba mota ya kuzungusha injini ya gari ingekuwa nzito kiasi cha kutobebeka. Kettering aliona kwamba mota ya kufanya kazi kutwa nzima ni kitu kimoja, na mota ya kufanya kazi kwa sekunde chache kisha ikapumzika ni kitu kingine kabisa. Hii ya pili yaweza kuwa ndogo na kubebeshwa mzigo kupita kiasi, kwa sababu haipati muda wa kuungua. Mota yake iliwasha injini, kisha ikageuka kuwa dainamo ya kuchaji betri. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, aliitia katika magari yake ya mwaka 1912. Inasimuliwa kwamba Leland aliguswa na kifo cha rafiki yake Byron Carter, aliyefariki mwaka 1908 baada ya kupigwa na hendeli alipokuwa akimsaidia bibi mmoja ambaye gari lake lilizimika njiani. Baadhi ya wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hiyo, nami sishangai, maana ni nzuri mno.

Henry Ford hakuwa na haraka. Model T haikupata stata ya umeme kutoka kiwandani hadi mwaka 1919, na kwa miaka kadhaa kabla ya hapo mkewe, Bi. Clara, aliendesha gari la betri la kampuni nyingine, Detroit Electric, ambalo halikuhitaji hendeli wala halikutoa moshi. Hilo liwe siri yetu.

Baadaye mambo yalikwenda kasi. Palikuwa na stata za kukanyaga kwa mguu na za kubonyeza kwa kidole, na mwaka 1949 Chrysler wakaunganisha stata na ufunguo, mtindo ulioenea duniani kote. Lakini angalieni jambo moja. Katika hatua hizo zote mtu aliingia ndani na kuketi. Mguu wake ulikuwa karibu na breki, mkono wake uliijua gia iliko, macho yake yaliona kama boneti iko wazi, na pua yake ilinusa moshi. Hakuna aliyeihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya mtambo, kwa vile haikuwa na bei.

Rimoti imeiondoa. Katika nchi za baridi haja yake si ya kubuni. Minnesota au Winnipeg huko Kanada, kipimajoto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Betri hudhoofika na vioo hufunikwa na barafu. Katika miaka ya 1940 Andrew Freeman wa North Dakota alibuni kipashio cha umeme cha kupasha injini moto usiku, na hata leo utaona magari ya Winnipeg yana waya wa plagi unaoning'inia mbele. Wengine huwasha gari na kuuacha ufunguo ndani ili lipate joto, na wezi hushukuru. Vifaa vya rimoti viliuzwa na maduka kwa miaka mingi kabla ya viwanda kuanza kuvitia vyenyewe. General Motors walifanya hivyo katika Chevrolet Malibu ya mwaka 2004.

Sasa tumwangalie kijana na nyaya zake. Nyaya nene ni zile zile za swichi ya ufunguo: umeme wa betri kupitia fyuzi, waya wa kuwasha injini, waya wa vifaa kama hita, na waya wa stata. Ukiunga hizo sawasawa, na kuipatia imobilaiza ishara ya chipu ya ufunguo, gari litawaka. (Zamani mafundi walificha ufunguo mzima wa akiba chini ya dashibodi kwa ajili hiyo, na hapo naona waliwarahisishia wezi kazi.) Zikisha kuungwa hizo, zinabaki nyaya nyembamba: wa breki, wa kuhesabu mizunguko ya injini, wa kuhakikisha gia iko kwenye P, na ule unaokwenda kwenye kiswichi kidogo cha boneti.

Hapa ndipo penye hatari, mzee wangu. Gari huwaka vizuri bila ule waya wa boneti. Anayefunga kifaa usiku, kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi, huona kazi imekwisha. Siku fundi atakapoinamia feni na mkanda, na mtoto ndani ya nyumba akacheza na rimoti, ndipo itakapojulikana. Na gari la gia za mkono lililoachwa kwenye namba moja litaruka mbele kama Model T ilivyomsogelea bwana wake, ila safari hii hakuna hata wa kukimbia na kulizima.

Moshi nao haujasahaulika. Mwaka 2018 magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba zaidi ya watu 20 walikuwa wamekufa tangu mwaka 2006 kwa gesi ya kaboni monoksidi, baada ya magari yasiyo na ufunguo wa kuzungusha kuachwa yakinguruma katika mabanda yaliyoungana na nyumba. Mwaka 2021 Bunge la nchi hiyo liliagiza itungwe kanuni ya magari ya namna hiyo kujizima yenyewe. Vifaa vingi vya rimoti huzima injini baada ya dakika 10 au 15, ambazo katika banda lililofungwa ni nyingi mno.

Basi, si anasa, mzee. Mruhusu. Ila mwambie kwamba akimaliza, aweke gari nje ya banda, afungue boneti, arudi nyuma hatua tano, kisha abonyeze kitufe. Injini ikishika, avue koti na aanze upya.