Tura: Lango la Unyamwezi ambako misafara ilitua mizigo na kupata chakula

TURA ni kata katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, upande wa mashariki unaokaribiana na Mkoa wa Singida. Abiria wa Reli ya Kati hulifahamu jina hilo kama moja ya stesheni zilizo kati ya Itigi na Tabora. Katika karne ya 19, hata hivyo, jina hilo lilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa msafara uliotoka pwani, kufika Tura kulimaanisha kumaliza pori na kuanza kupata chakula.

Historia ya njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, imezoeleka kusimuliwa kwa kutaja pembe za ndovu, watumwa na wasafiri wa Ulaya. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba biashara hiyo yote ilisimama juu ya kazi ya wakulima wa vijiji vya njiani, ambao mavuno yao ndiyo yaliyowalisha wapagazi.

Asili ya jina

Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kuwa neno Tura maana yake ni "tua", yaani weka mzigo chini. Maelezo hayo yanaafikiana na lugha zenyewe. Kitenzi cha Kinyamwezi "kutula" na kile cha Kiswahili "kutua" vina asili moja, ila Kiswahili kimeiacha konsonanti ya katikati.

Sababu ya mahali hapo kuitwa hivyo si vigumu kuiona. Baada ya kuvuka Ugogo, msafara uliingia katika Mgunda Mkali, pori kubwa lenye miiba, maji ya shida na makazi machache, ambalo lilichukua takribani wiki nzima kulivuka. Tura ilikuwa makazi ya kwanza ya Unyamwezi baada ya pori hilo.

Hesabu ya posho

Ili kuelewa umuhimu wa Tura, yafaa kutazama hesabu ya chakula. Posho ya mpagazi mmoja kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, yaani kama theluthi mbili za kilo. Msafara wa watu 300 ulihitaji basi kilo 200 kwa siku, na kilo 1,400 kwa siku saba za pori. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, takribani kilo 32. Maana yake ni kwamba mizigo zaidi ya 40 ingekuwa ya chakula kitupu.

Hakuna tajiri aliyemudu kubeba chakula cha safari nzima kwa namna hiyo. Ilibidi kununua njiani kwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mtama, uwele, mahindi, kunde, viazi vitamu na karanga za wakulima ziligeuka kuwa mafuta ya biashara iliyofika mpaka Zanzibar, India na Marekani. Ukame ulipoharibu mavuno, wapagazi walikufa au walitoroka, na pembe zilibaki njiani.

Biashara hiyo imeacha maneno katika Kiswahili cha leo. "Hongo" ilikuwa ada waliyotoza watawala, hasa wa Ugogo, ili msafara uruhusiwe kupita, kabla neno hilo halijapata maana yake ya sasa ya rushwa. "Doti", kipimo cha kitambaa cha wakati ule, ndicho kinachotumika bado kununulia khanga.

Wanyamwezi na safari

Wanyamwezi hawakuwa watazamaji wa biashara hiyo. Misafara yao wenyewe ilikwisha kufika pwani kabla wafanyabiashara Waarabu na Wahindi hawajaweka makazi ya kudumu Unyanyembe. Kalenda yao ilifuata kilimo: waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurejea kabla ya mvua za kupanda. Kwa kijana, safari ya pwani ilikuwa kipimo cha ukubwa na heshima, na wengi waliifanya kwa ujira.

Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha pia watu waliotekwa na kuuzwa. Si haki kuisimulia kwa fahari ya wapagazi pekee, wala kuisimulia kana kwamba kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Mambo hayo mawili yalitembea katika njia moja.

Madaraka ya nchi yalikuwa kwa mtemi. Miongoni mwa haki zake ilikuwa kupewa pembe moja ya kila ndovu aliyekufa katika ardhi yake. Kadiri biashara ilivyokua, ndivyo ugomvi juu ya njia ulivyoongezeka. Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani hadi ngome yake ilipoanguka Januari 1893.

Urithi mwingine wa safari ni utani. Wanyamwezi na makabila waliyokutana nayo njiani na pwani, wakiwamo Wazaramo, wamekuwa watani kwa vizazi vingi. Mgeni aliyekuwa na mtani mahali hakukosa msaada wa chakula, malazi wala maziko.

Vyakula vya Unyamwezi

Mapishi ya eneo hili yanafuata hali ya nchi yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Sifa yake kubwa ni ustadi wa kukausha.

Viazi vitamu huhifadhiwa kwa njia mbili. Vikimenywa, vikakatwa vipande vibichi na kuanikwa juani, huitwa michembe. Hivyo hupikwa baadaye kwa kuchemshwa, mara nyingi pamoja na karanga zilizotwangwa. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, huwa matobolwa, ambayo hutafunwa yalivyo au kwa chai.

Majani ya kunde nayo hukaushwa na kuitwa nsansa. Huungwa kwa karanga na kuliwa kwa ugali wa mtama, uwele, mahindi au mhogo. Mvua zikianza, misitu ya miombo hutoa uyoga, na unaozidi huanikwa. Msitu hutoa pia matunda kama mbula na furu, ambazo Wanyamwezi huziita ntalali.

Asali ndiyo inayoijulisha Tabora nje ya mipaka yake. Warina asali huweka kambi porini, hutundika mizinga juu ya miti na kurina usiku kwa moshi. Nta iliuzwa ng'ambo tangu enzi za ukoloni. Asali ya nyuki wadogo wasiouma huthaminiwa kama dawa, na asali ya kawaida hutengenezwa pombe iitwayo wanzuki.

Waarabu nao waliongeza vyao. Walilima mpunga, ngano na vitunguu, na kupanda miembe ambayo kivuli chake kimekuwa alama ya mji wa Tabora.

Reli na mabadiliko

Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyomchukua Burton siku 134 kutoka pwani hadi Kaze, makazi ya wafanyabiashara karibu na Tabora ya leo, ikawa ya siku chache. Mpagazi akapoteza kazi yake, na Tura ikabaki stesheni. Leo barabara ya lami ya Manyoni hadi Tabora inapita katika ukanda huo. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Makutupora hadi Tabora nao ulitiwa saini mwaka 2021.

Hatari iliyopo sasa ni kwa msitu. Ukataji wa kuni za kukaushia tumbaku, uchomaji mkaa na upanuzi wa mashamba hupunguza miombo. Hata mzinga wa asili una gharama yake, kwa kuwa mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Ndiyo maana warina asali wanahimizwa kutumia mizinga ya mbao. Msitu ukiisha, asali, uyoga na ntalali vitaondoka pamoja nao.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Maeneo yaliyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara ina makumbusho katika tembe alimoishi David Livingstone mwaka 1872. Tura haimo katika orodha hiyo, na haijulikani kwa jina la mgeni yeyote mashuhuri. Umuhimu wake ni wa wale waliopokea misafara yenye njaa na kuiuzia mtama, na ushahidi wa kazi yao bado uko mashambani na jikoni.