Uhai wa wagonjwa wa saratani waliopatwa na UVIKO-19

Mgonjwa wa saratani anapoambukizwa virusi vya korona, kupona kwake hutegemea zaidi umri, nguvu za mwili alizokuwa nazo kabla ya kuugua, maradhi mengine aliyonayo na aina ya saratani yenyewe. Mwanzoni hilo halikujulikana. Taarifa iliyotoka China Februari 2020 ilitazama wagonjwa 1,590 wa korona, na 18 tu kati yao walikuwa na historia ya saratani. Hao 18 walizidiwa mara nyingi kuliko wenzao, na idadi hiyo ndogo ikatosha kuzua hofu kubwa. Katika nchi nyingi upasuaji na mizunguko ya tibakemikali iliahirishwa, na wako wagonjwa waliobaki nyumbani kwa hiari yao, wakiiogopa hospitali kuliko uvimbe.

Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha tafiti mbili kubwa zaidi. Ya kwanza ilihusu wagonjwa 928 wa Marekani, Kanada na Hispania, na 121 kati yao, sawa na asilimia 13, walifariki. Ya pili ilifanyika Uingereza kwa wagonjwa 800, wakafariki 226, yaani asilimia 28. Viwango hivi havilinganishwi moja kwa moja: utafiti wa kwanza ulijumuisha hata watu waliowahi kuugua saratani zamani, ilhali wale wa Uingereza wote walikuwa na saratani hai na dalili za korona.

Jambo zito zaidi lilitoka katika utafiti huo wa Uingereza. Waliopewa tibakemikali ndani ya wiki nne kabla ya kuambukizwa hawakufariki zaidi ya wengine, baada ya umri, jinsia na maradhi mengine kuzingatiwa. Kwa mtu ambaye uvimbe wake ulikuwa ukikua huku akisubiri kuitwa, habari hiyo ilikuwa na uzito wa uhai wenyewe.

Yaliyoongeza hatari ni uzee, kuwa mwanamume, kuwahi kuvuta sigara, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, pamoja na saratani inayoendelea kukua. Hili la mwisho linagusa moja kwa moja Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi hufika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kusambaa.

Kipimo kimoja cha nguvu za mwili kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hakihitaji mashine. Daktari humuuliza mgonjwa, au binti aliyemleta: anaoga mwenyewe? Anafanya kazi zake? Mchana anashinda kitandani? Majibu hupewa alama. Sifuri ni mtu anayeendelea na shughuli zake zote, mbili ni anayejihudumia lakini kazi zimemshinda, na nne ni asiyetoka kitandani kabisa. Katika ule utafiti wa wagonjwa 928, walioanzia alama mbili na kuendelea walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Saratani za damu zina hatari ya pekee, kwa sababu hushambulia kiwanda chenyewe cha kinga. Dawa kama rituximabu huua seli B, ambazo ndizo chimbuko la kingamwili, hivyo virusi huweza kukaa mwilini kwa wiki nyingi, na chanjo hupata pa kushika padogo. Hata hivyo, wagonjwa hao wakiwa na seli T za kutosha, hasa zile zinazoua seli zilizoambukizwa, baadhi yao huokoka hata bila kingamwili. Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alifariki Oktoba 18, 2021 akiwa na miaka 84 kutokana na matatizo ya UVIKO-19, ingawa alikuwa amekamilisha chanjo. Alikuwa na mayeloma, saratani ya seli zinazotengeneza kingamwili. Wapo waliokitumia kifo chake kudai kwamba chanjo haifai kitu. Walikosea: kilichoonekana pale ni udhaifu wa kinga ya mzee mwenye saratani ya aina hiyo.

Vifo vilipungua kadiri muda ulivyokwenda. Vipimo viliwafikia hata wenye dalili nyepesi, dawa ya deksamethasoni ikaanza kutumika kuanzia katikati ya 2020 kwa waliohitaji oksijeni, kisha zikaja chanjo. Kwa wenye saratani za damu, dozi za nyongeza huwainua baadhi waliokosa kingamwili awali. Wasioitikia kabisa hubaki wakitegemea chanjo za wale wanaoishi nao, wanaowapikia na kuwabadilishia shuka.